Uso Niliouunguza

Siki. Ndiyo harufu iliyotupokea tulipofungua kabati la Baba, siku mbili baada ya arobaini yake. Mdogo wangu alidhani kuna chupa ya achari imemwagika humo ndani. Nikamwambia hapana, hizo ni filamu. Zikifungiwa miaka mingi bila hewa huchacha kama tui. Akataka tuzitupe. Mimi nikakaa sakafuni, nikaanza kufungua bahasha moja moja na kuinua filamu kuelekea dirishani. Mji mzima wa Moshi ukapita mbele yangu ukiwa umegeuzwa: nyuso nyeusi zimekuwa nyeupe, kanzu zimekuwa nyeusi, na theluji ya mlima imekuwa kama mkaa.

Ninyi wa rika langu mliokulia Moshi, huenda mmo humo. Huenda mama zenu wamo. Baba alikuwa na studio kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, nyumba ya baraza refu hatua chache kutoka sokoni. Alipiga paspoti, harusi, na watoto waliotolewa nje baada ya siku arobaini wakiwa wamepakwa wanja kama mabibi. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Lakini Jumamosi alifunga studio, akaning'iniza kamera shingoni na kutoka kupiga picha ambazo hakuna mtu aliyeziagiza. Mimi nilimfuata na mkoba wa filamu na penseli, maana kazi yangu ilikuwa kuuliza majina na kuyaandika.

Alipiga wanawake wa Mabogini wakiwa wamezama mpaka magotini katika majaruba ya mpunga. Alipiga kina mama walioshuka alfajiri na mikungu ya ndizi, wamekaa juu ya magunia yao wanakunywa chai kabla soko halijachangamka. Alimpiga fundi wa makobazi akikata tairi, na wachambua kahawa wakitoka kazini vichwa vimejaa vumbi.

"Filamu unaimaliza bure," fundi cherehani wa jirani alikuwa akimwambia. "Piga maharusi, bwana."

"Picha ya harusi kila mtu anayo," Baba alimjibu. "Niambie wewe, nani ana picha ya mama yake akipepeta mchele?"

Fundi aliinama kwenye cherehani yake, akaendelea kushona. Wazee wake walitoka Gujarati, na mama yake mwenyewe alikuwa amefariki bila picha hata moja. Mtaa wetu ulikuwa hivyo, wa watu waliotoka kwingine. Babu mzaa baba alikuja kijana kutoka Hadhramaut akafungua hoteli ya chai. Wazee wa Mama walikuwa Wamanyema waliofuata kazi ya reli. Muuza nyama alikuwa Msomali. Ukituuliza sisi watoto kwetu ni wapi, kila mmoja alitaja jina la mahali ambapo hajawahi kukanyaga, isipokuwa mimi. Mimi nilisema kwetu ni hapo nyuma ya msikiti.

Nilikuwa darasa la pili, nina miaka minane, Baba aliponiruhusu kuingia chumba cha giza. Kilikuwa stoo ya zamani ya mchele, dirisha limezibwa kwa mbao na blanketi. Ndani kulikuwa na taa nyekundu, trei tatu za dawa na harufu iliyokuwa ikiingia mpaka kwenye nywele. Sharti lilikuwa moja tu. "Mlango usifunguliwe," alisema. "Mwanga ukiingia, kila kitu kimeungua. Hata mimi siwezi kukirudisha." Nililishika sharti lile kama sura ya Kurani. Nilisimama juu ya kreti la soda nikitazama karatasi tupu ikielea kwenye dawa, mpaka ianze kutoa kivuli, kisha mkono, kisha mtu.

Ndipo nilipoanza kumwona yule mwanamke.

Alitokea kila Jumatatu, Baba aliposafisha picha za Jumapili. Jumapili alikuwa akipanda Uru, huko mlimani, kwa pikipiki, peke yake, na huko hakunichukua. Picha zilitoka na migomba, mfereji wa maji, watoto wenye masweta yaliyotoboka viwiko. Na katika kila filamu alikuwepo mwanamke mmoja ambaye hakuwa na uso. Mara ameinama kwenye mibuni. Mara amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe unaofunika kichwa chote. Mara amesimama mlangoni, ametupa mgongo, mkono mmoja umeshika kizingiti.

"Huyu nimwandike nani?" nilimuuliza Baba siku moja.

"Huyo usimwandike," akasema, akaitoa picha kwenye dawa kabla haijakolea.

Ningelisahau, kama si Mama Rehema. Huyu alikuwa jirani aliyekuja kumsuka Mama mchana wa Ijumaa, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya dirisha nikichambua maharage.

"Mume wako Jumapili hii tena kapanda Uru?"

"Kapanda," Mama akajibu.

"Haya. Mimi simo. Ila mwanamume hapandi mlima kila Jumapili kufuata ndizi, na ndizi zimejaa hapo sokoni."

Mama akacheka kidogo. "Mwache. Ana mtu wake huko."

Ana mtu wake huko! Maneno yale yaliniingia kama maji ya baridi. Darasani kulikuwa na msichana ambaye baba yake alioa mke wa pili, na alitueleza yote: jinsi kitanda kilivyobebwa kwenye mkokoteni, jinsi redio ilivyofuata, jinsi mama yake alivyokaa siku tatu bila kupika. Nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Mwanamke asiye na uso alikuwa anamchukua Baba kidogo kidogo, Jumapili kwa Jumapili, na Mama alikuwa anacheka ili asilie mbele ya watu. Tangu siku hiyo nilimhesabia Baba mashati yake kwenye kamba, nione kama yanapungua.

Jumapili iliyofuata Baba alirudi jioni akiwa mtu mwingine. Aliegesha pikipiki huku anaimba. Alimbeba mdogo wangu begani akazunguka naye uani. Wakati wa kula hakula. Alikaa anaitazama kamera iliyokuwa mezani kama mtu aliyeletewa barua njema. Kisha akaitoa filamu, akaiweka kwenye droo ya studio na kutuambia sote, "Hii hakuna mkono wa mtu. Kesho nikitoka shuleni nitaisafisha mwenyewe." Kesho yake alikuwa na kazi ya kupiga paspoti za wanafunzi huko Sanya Juu.

Sikulala vizuri. Niliona harusi tayari imepigwa na imo mle kwenye droo.

Mchana, nilipotoka shuleni, Mama akiwa jikoni, nilifungua droo. Nikaenda na ile filamu uani, pale kwenye bomba, ambapo jua linapiga moja kwa moja. Niliishika ulimi wake, ile ncha inayotokeza, nikavuta. Ilitoka ndefu kuliko nilivyotegemea, ikijikunja na kunirudia miguuni, laini, ya rangi ya majivu. Nilitaka kumwona akiungua. Sikuona kitu. Hapakuwa na mtu wala mgomba, ilikuwa tupu toka mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndipo hofu iliponishika. Nikaiacha pale kwenye saruji, nikaenda kujificha nyuma ya tangi la maji.

Baba aliikuta saa nane mchana. Nilimwona kupitia upenyo kati ya tangi na ukuta. Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaiokota kwa kushika kingo zake kwa ncha za vidole, kama alivyonifundisha, utadhani bado inaweza kuharibika.

"Nani?" akauliza.

Nikatoka. "Mimi."

"Kwa nini, Hidaya?"

"Sitaki mama mwingine."

Alinitazama bila kuelewa. Mama alikuwa ametokea mlangoni, mikono ina unga. Yeye alielewa upesi. Akajipiga paja. "Masikini! Atakuwa alitusikia na Mama Rehema." Kisha akamgeukia Baba. "Mwambie mwanao. Ameshafika umri wa kuambiwa."

Baba akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Jana aligeuka," akasema, na hakuwa anasema na mimi. "Miaka sita napanda, jana kageuka mwenyewe, kanitazama." Akatupa mgongo. Nikaona mabega yake tu.

Mama ndiye aliyenieleza usiku ule, kwa sauti ya chini, kwa sababu Bimkubwa alikuwa chumba cha pili. Bimkubwa alikuwa mke wa marehemu Babu, ndiye aliyemlea Baba, na sisi tulimjua kuwa ndiye bibi yetu. Kumbe hakumzaa. Baba alizaliwa na binti wa Uru aliyeshuka mjini kuchambua kahawa. Akina Babu walimchukua mtoto alipoacha kunyonya, na habari ya mama yake ikazikwa. Babu aliifukua alipokuwa anakata roho. Baba alikuwa mtu mzima, ana mke na mtoto, alipojua kwamba ana mama, na kwamba mama huyo yu hai, saa moja tu kutoka nyumbani kwake.

"Bimkubwa hajui kama anakwenda," Mama akasema. "Hataki kumuumiza. Na wewe funga mdomo."

Jumapili iliyofuata nilipakiwa kwenye pikipiki. Tulipita Rau, tukaanza kupanda, na kila tulipopanda hewa ilizidi kuwa nyembamba na ya baridi. Mibuni ilikuwa imechanua. Harufu yake kama asumini ilitufuata njia nzima, nami nilitamani tusifike. Baba hakuwa amenigombeza hata neno moja wiki nzima, na hilo lilinitesa kuliko fimbo.

Alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia kihamba chake, shamba la nyumbani, migomba imempa kivuli. Mwanamke mfupi, mzee kuliko nilivyomfikiria, kanga kiunoni na rozari shingoni. Safari hii hakutupa mgongo, kwa sababu kamera ilikuwa bado kwenye mkoba.

"Shikamoo, Mama," Baba akasema.

"Marahaba, Aloisi."

Niligeuka nyuma kumtafuta huyo Aloisi. Hapakuwa na mtu. Baba yangu, Salimu wa Hoteli ya Chai, hodari wa kuswali safu ya mbele, ndiye aliyeitika.

"Huyu ndiye?" bibi akauliza.

"Ndiye."

"Shikamoo, Bibi," nikasema nikitazama vidole vyake vya miguu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo, ndizi hazijimenyi."

Jina lake lilikuwa Bibi Apolonia. Jikoni kwake kulikuwa na vyungu vinne, na kimoja kiliwekwa peke yake juu ya rafu, kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alikishusha kwa mikono miwili. Baba alinieleza baadaye kwamba kile kilikuwa chungu chake yeye. Hakikuwahi kupikiwa nyama ya nguruwe wala kuwekewa mbege, pombe ya ndizi, na bibi alikinunua siku ya pili tu baada ya Baba kubisha hodi mara ya kwanza. Ndani yake tulipika kiburu, ndizi na maharage vikapondwa pamoja, bila nyama yoyote, ili mwanawe asiwe na wasiwasi.

Baba alichukua kamera akaenda mferejini, walikokuwa majirani wanaozibua maji. Tukabaki wawili. Nilimenya ndizi tatu, utomvu ukanigandisha vidole, kisha nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, ni mimi niliyeiunguza picha yako."

"Najua. Aloisi kaniambia hapo ulipokuwa unanawa."

"Nilidhani wewe ni mke wake."

Kisu kikasimama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu, akaita jina la Bikira Maria, akafuta macho kwa pindo la kanga. "Mke! Na meno yangu haya!" Alipotulia akaniuliza, "Ulipoivuta, uliona nini?"

"Sikuona kitu. Ilikuwa tupu."

"Basi." Akaendelea kumenya. Kisha akasema, bila kunitazama, "Unajua kwa nini nilikuwa nampa mgongo?"

Nikatikisa kichwa.

"Walikuja watu wawili wa kwa babu yako, na mwanamke mmoja. Wakasema mtoto ni wa ukoo wa baba. Baba yangu naye alishachoka kusemwa kanisani, akawapa. Wakaniahidi nitakuwa nakwenda kumwona. Nikashuka mara ya kwanza, wakasema kalala. Mara ya pili, wakasema kasafiri. Mara ya tatu wakanitolea picha. Kavalishwa kanzu, kakalishwa kwenye kiti, ana kofia ndogo hapa. Wakaniambia, haya, mtoto wako ndiye huyo, kaa naye." Akatupa ganda la ndizi. "Nilikwenda kutafuta mtoto, wakanipa karatasi. Sasa mtoto karudi mtu mzima, na kitu cha kwanza anataka kunipiga picha! Nikaona nikimgeukia, atachukua karatasi yake aondoke, asirudi tena."

"Lakini uligeuka."

"Jumapili ile aliniletea dawa ya magoti, akanikanda mwenyewe. Nikasema huyu haondoki. Nikageuka."

Nilianza kulia. Nililia kwa kelele, kama mtoto mdogo kuliko nilivyokuwa, na mikono yangu ya utomvu ikawa haifai hata kufuta machozi. Bibi Apolonia aliweka kisu chini. Akanivuta tukakaa magoti kwa magoti, akanishika mashavu.

"Haya, nyamaza. Nitazame. Nitazame sana, usiharakishe. Hii haiungui."

Nikamtazama. Sijui kwa muda gani. Moshi wa kuni ulikuwa ukipita kati yetu, na yeye hakupepesa.

Baba aliporudi alitukuta hivyo hivyo. Akasimama mlangoni, kamera mkononi. Nikaona kidole chake kinatafuta kitufe.

"Mama," akasema taratibu, "nipige moja tu?"

"Nimeshageuka mara moja, Aloisi. Imetosha. Njoo ukae."

Nilidhani atasononeka. Lakini alifunika lenzi, akaiweka kamera juu ya gunia la mahindi, na akaja kukaa chini, kando yake, kwenye kigoda kilichokuwa kifupi mno kwake. Ndizi zilipoiva, Bibi akampakulia kwanza. "Aika," Baba akasema, asante ya kule mlimani, na nilikuwa sijawahi kumsikia akitamka neno hata moja la Kichagga.

Baada ya hapo nilipanda naye kila Jumapili. Picha ziliendelea: bibi akikata majani, bibi akianika kahawa, bibi akienda kanisani kwa nyuma na kitambaa chake cheupe. Baba hakuomba tena uso. Hata Bimkubwa, tuliyekuwa tukimficha, siku moja ya sikukuu alimwita Baba barazani na kumkabidhi kikapu cha tende na halua. "Mpelekee yule unayempiga migongo," akamwambia. "Mwambie nimemlelea vizuri." Alikuwa amejua toka mwanzo. Picha zilikuwa zikianikwa kwenye kamba mbele ya mlango wake.

Bibi Apolonia alifariki nikiwa kidato cha pili, wakati wa masika. Walimzika kihambani kwake, padri akisoma mvuani. Baba alisimama kaburini na kofia yake mkononi, na kamera aliiacha nyumbani. Hakuna picha hata moja inayoonyesha uso wa Bibi. Nimezipitia filamu zote za kabati lile wiki hii. Mamia ya nyuso za Moshi zimo, zenye majina kwa mwandiko wangu wa kitoto, na yeye ana migongo tu, basi.

Miaka ya mwisho presha ya macho ilimpokonya Baba nuru yake. Alizoea kukaa barazani mchana, anatambua watu kwa vishindo vya miguu yao. Siku moja, mwaka jana, nilimletea chai, akanizuia nisiondoke.

"Hidaya. Wewe yule ulimtazama sana. Hebu niambie alikuwaje."

Hakutaja jina, wala sikuuliza. Nilikaa. Nilimwambia juu ya paji pana linalong'aa, na mikunjo miwili kando ya mdomo, na jicho lililokuwa likifinya kidogo kabla ya kucheka. Nilisema polepole, naogopa kukosea, maana huo ndio uso niliomnyima.

"Na kovu," nikasema. "Kovu dogo juu ya nyusi ya kulia."

"Kushoto," akasema upesi.

"Kulia, Baba. Nilikaa naye uso kwa uso."

"Uso kwa uso, basi kulia kwako ni kushoto kwake. Kushoto. Aliangukia jiwe la mfereji." Akasita, kikombe kimeishia hewani. Kisha nikamwona anatabasamu, akitazama mtaa asiouona.

"Kumbe ninaye," akasema. "Haya, endelea. Meno je?"